Mimi, Kalekye na Bosi Aliyevua Kofia

Nyinyi vijana mnaopanda hiki kilima cha Mbooni na bahasha zenu za kaki, kaeni kwanza chini mpumue. Kila mara mmoja wenu anashuka kwenye bodaboda hapo kwa geti, jasho linamtoka utadhani yeye ndiye aliyeibeba pikipiki, halafu ananiita bibi kwa Kikamba, na swali ni lile lile: "Susu, kule nje mwajiri anatoa nini?" Anatoa nyumba? Anakuja kukupokea? Chakula ni juu yake ama juu yako? Na mimi huwauliza, wewe unataka nini? Basi hapo mnaanza kuangalia viatu.

Nitawaambia yangu. Lakini nawaonya mapema: ndani ya haya maneno kuna mtu anaitwa Kalekye, na mimi nina wivu na Kalekye. Sisemi nilikuwa nao. Ninao, hata leo asubuhi niliamka nao.

Kazi yangu ilikuwa kugrafti machungwa. Mnaiona rahisi kwa sababu siku hizi mna utepe unaojivuta wenyewe na visu vya dukani vyenye mpini wa rangi. Sisi tulikuwa tunakata vipande vya nailoni kutoka kwa mifuko ya mkate, na aliyetufundisha, Mzee Nzioka, yeye alianza na nyuzi za mgomba. Kazi yenyewe haijabadilika. Unapanda limau kali, lile la miiba, kwa sababu mizizi yake haijali kiangazi. Likifika unene wa penseli, unapasua gome. Unaenda kwa mchungwa mtamu, unatoa jicho, kale kachipukizi kadogo kanakolala kati ya jani na tawi. Unaliingiza chini ya gome, unafunga kutoka chini kupanda juu, unamwachia Mungu. Na kama gome halitaki kuachia, usilazimishe. Mwagilia maji, rudi baada ya siku chache. Nimeona vijana wenye diploma wakichimbua gome kama mtu anayetoa funza.

Kujua kama jicho limeshika ni hivi: unaacha kile kikonyo cha jani wakati wa kukata. Baadaye unakigusa na kidole. Kikidondoka chenyewe, jicho liko hai. Kikikauka na kung'ang'ania pale, limekufa, rudia.

Yangu yalishika. Nasema hivyo bila haya. Mimi na Kalekye tulifundishwa na mzee mmoja, benchi moja, kwa nasari yake ya miche kule chini kwa kijito, na macho yangu yalishika kuliko yake. Mwanzoni sikuwa hivyo. Wiki yangu ya kwanza nilibandika mstari mzima juu chini, macho yakiangalia ardhini. Mzee Nzioka hakunigombeza. Aliiacha ile miche imee, ikaanza kushuka halafu ikajikunja kupanda, na kila mteja aliyekuja alimpeleka kuiona. "Hii ni ya Mwikali," anasema. "Inatafuta njia ya kurudi kwao." Kalekye alicheka mpaka akakaa chini. Nafikiri wivu ulianzia hapo, maana yeye hata kucheka alicheka vizuri, na watu wakapenda kumwona akicheka.

Mzee alikuwa na sheria moja ya kazi. Ukienda kukata macho kwa mti wa mtu, tawi la kwanza alikate mwenye mti, kwa mkono wake. Akishakata, hawezi kesho kusema ulimnyoa mti wake bila ruhusa. Na zaidi ya hiyo, amekuona. Amesimama na wewe, amejua jina lako, amejua uko kwake. Tulikwenda mara moja Kitui mjini, kwa mzee mmoja Mwislamu wa duka la vitambaa aliyekuwa na michungwa nyuma ya nyumba. Alitoka na kanzu yake nyeupe, akaomba kisu, akakata tawi, utomvu ukamrukia kifuani. Hakujali. Akaagiza chai na mahamri, akakaa na sisi kwenye gunia tukanywa. Mimi nikasema moyoni, huyu ndiye mwajiri. Hiyo picha ndiyo niliyobeba kwenda Botswana, na ndiyo iliyonimaliza.

Kwenda kwenyewe kulikuwa hivi. Shamba moja la machungwa kule lilikuwa linatafuta mafundi, jina la Mzee Nzioka likatajwa na watu wa mbegu, naye akasema amezeeka, awatoe wasichana wake wawili. Tukapewa mikataba. Mimi nikaisoma juu juu. Kwani mkataba wa nini? Mtu akikuita kazini kwake si anajua umetoka mbali? Kwetu hapa ukiita watu mwethya waje wakulimie, si unapika, unabeba sufuria mwenyewe mpaka shambani, unapiga jembe kidogo na wao, mnakula pamoja? Hakuna mtu anaandika hiyo kwa karatasi. Kalekye aliusoma mkataba wake kwenye basi kutoka Sultan Hamud mpaka Nairobi, akitia alama kwa kalamu.

Tukafika. Mimi natafuta kwa macho bosi wetu. Aliyekuja ni dereva, na kipande cha boksi chenye majina yetu, langu limekosewa. Akatufikisha shambani usiku umeingia, akatupa funguo mbili, unga mfuko mmoja, samaki wa mkebe. Kalekye akawasha taa ya chumba chake, akaangalia kuta zote, akasema, "Hiki hakina dirisha." Asubuhi kabla hata hajanawa uso alikuwa kwa msimamizi. Jioni akahamishwa chumba cha mbele, chenye dirisha linaloangalia barabara na miti. Changu pia hakikuwa na dirisha. Mimi nilijiambia, mgeni haingii kwa watu akianza kuhesabu madirisha. Wataona wenyewe.

Aiya! Nilingoja waone.

Sasa hiyo siku ya kwanza ya kazi. Msimamizi akatupeleka kwa mti mama, mchungwa mzuri, matawi laini, macho yamejaa. Akatuonyesha kwa mkono kwamba tuanze. Mimi nikafunga kisu changu, nikakaa kwenye ndoo.

"Mwikali, unafanya nini?" Kalekye akaniuliza kwa Kikamba.

"Namngoja mwenye mti akate la kwanza. Kwani umesahau ya Mzee?"

"Mzee ako Mbooni. Sisi tuko hapa."

Na akakata! Krr, krr, tawi likaanguka, bila mwenyewe, bila salamu. Mimi nikabaki pale kwa ndoo jua likipanda. Msimamizi akaja kuniuliza, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba namngoja mwenye shamba. Akafikiri nimegoma. Wengine wakafikiri sijui kazi, nimejificha nyuma ya maneno. Karibu saa sita pikapu ikaingia, akashuka mwanamume mrefu, mweusi, mwenye kofia pana. Huyo ndiye bosi. Tulimwita Rra, ndivyo wanaume wazima huitwa kule, na wanawake huitwa Mma. Akapita kwa miche ya Kalekye, akainama, akaangalia vifungo, akasema kitu kwa Kitswana na watu wote wakacheka kwa furaha. Halafu akaniona mimi juu ya ndoo.

"Na yule," akauliza, "ni mgonjwa?"

Mimi nikasimama, nikamnyoshea kisu, mpini ukiangalia kwake, ili akate. Alikitazama kile kisu, akanitazama mimi, akarudi nyuma hatua moja. Mpaka leo sijui alifikiri nataka kumfanya nini.

Basi tangu siku hiyo Kalekye akawa mbele na mimi nyuma. Kazi yangu walikuja kuiona, sikatai. Msimu wa mvua ulipopita na kikonyo kikaguswa, mistari yangu ilidondosha vikonyo kama mvua, na Rra mwenyewe aliniambia, "Vizuri sana, Mma." Lakini gambuti mpya alipata nani? Kalekye, kwa sababu alionyesha zake zilizopasuka. Nani alipewa siku ya Jumamosi ya kwenda kanisani mjini? Kalekye. Nani alijifunza Kitswana mpaka akawa anatania wapishi na kuongezewa nyama? Kila kitu Kalekye alichotaka, alifungua mdomo akakisema, na kikaja. Mimi nilikuwa nalala kwa chumba changu bila dirisha nikiwaka. Nilichukia hata ile sauti yake ya kuomba, maana haikuwa ya kulia wala ya ukali. Aliomba kama mtu anayeuliza saa. Nikijaribu mbele ya kioo, yangu inatoka kama ya mwizi.

Mnacheka. Chekeni tu, lakini hapa ndipo mnafaa kusikiliza.

Mama yangu alifariki nikiwa kule. Simu ilinikuta kwenye mistari, kisu mkononi. Nikatembea mpaka kwa ofisi, Rra alikuwa amesimama nje akiongea na dereva. Nikamwambia, "Rra, mama yangu amefariki."

Alivua kofia. Akaishika kifuani, akainamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu hata dereva naye akazima gari. Akasema, "Pole sana, Mma. Pole sana." Sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. Halafu akavaa kofia akaondoka.

Mimi nikarudi kwa mistari kungoja. Kwetu hayo maneno yanatosha. Ukishasema mama yangu amefariki, hakuna mtu atakuuliza unataka nini. Mwajiri anajua: anakupa ruhusa, anaitisha gari, kama ana moyo anakuja mwenyewe kusimama kaburini. Ukianza kuomba juu ya maneno hayo ni aibu, ni kama unamfundisha mtu mzima utu. Nikangoja siku hiyo. Nikangoja kesho yake. Blanketi likaletwa, zito, la kijivu, na kadi iliyotiwa sahihi na wote. Nikaendelea kungoja.

Kalekye akaja chumbani. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia amekufa. Umemwambia unataka kwenda?"

"Kalekye, hiyo ni ya kuambiwa?"

"Twende nikuombee mimi."

Nikamfukuza. Nilimwambia hata mama yangu anataka kumfanya wake. Ilikuwa afadhali nipasuke kuliko nipate ruhusa ya kumzika mama yangu kutoka kwa mdomo wa Kalekye.

Wakamzika mama. Ndugu zangu walinipigia simu wakaishikilia juu ya kaburi, nikasikia upepo na nyimbo na mtoto wa mtu akilia. Mimi nimekaa kitandani na blanketi la kijivu.

Mwezi haukuisha, Kalekye akaomba ruhusa ya kwenda harusi ya ndugu yake. Harusi! Akapewa, na tiketi ya ndege juu. Akarudi amenenepa, ameniletea muthokoi kavu, yale mahindi yetu ya kukobolewa, kwenye mfuko na udongo kidogo kutoka kwa kaburi la mama, umefungwa kwa leso. Nilichukua, nikasema asante. Halafu nikafunga mlango nikalia, na kilio changu kilikuwa nusu ya mama na nusu ya wivu. Hata kaburi la mama yangu, Kalekye alilikanyaga kabla yangu.

Mkataba ulipokwisha, nafasi iliyobaki ilikuwa moja, ya kusimamia nasari, na anayeipata anaruhusiwa kukaa miaka na miaka. Niliitaka, jamani. Niliota hiyo nafasi. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa yanashika! Nikangoja Rra ahesabu miche mwenyewe aone. Kalekye akaingia ofisini, akaketi, akasema anaitaka.

Siku ya kuondoka Rra alinipeleka uwanja wa ndege yeye mwenyewe. Njiani akaniambia, "Mma, wewe ndiye mfanyakazi aliyenipa amani kuliko wote. Hukuwahi kutaka kitu." Alisema kwa heshima. Alikuwa ananisifu. Nikaangalia dirisha mpaka tukafika.

Ndiyo maana nawaambia, bosi wa kule haoni. Bosi wa kule anasikia. Si ubaya wake. Yeye anafikiri kukuonea haja yako bila wewe kuisema ni kukudharau, kama vile wewe ni mtoto. Sisi tunafikiri kuisema ni kujidharau. Mnakaa shamba moja miaka, kila mtu anampa mwenzake heshima, na nyote mnaumia. Basi msiende kule na picha ya mwethya kichwani. Someni mkataba. Nikifiwa, nafanyiwa nini? Uliza hivyo hivyo, ukimwangalia usoni, kabla hata hujajua choo kiko wapi.

Mimi nikarudi Mbooni, nikagrafti hapa mpaka macho yangu mwenyewe yakakataa kuona macho ya machungwa. Kalekye akabaki. Rra alipozeeka alimwachia nasari aiendeshe kama yake, na sasa yeye ndiye bosi, ana wafanyakazi, ana pikapu. Mmeiona ile nyumba ya vigae vyekundu hapo chini kwa kona, yenye geti refu? Ni yake. Mimi napita hapo kila nikienda kanisani. Hakuna mtu anakaa ndani. Hakuolewa, hakuzaa. Ndugu zake waliuza sehemu zao wakahamia upande wa Mtito Andei, na yule ndugu ambaye Kalekye alipanda ndege kuja harusini kwake, siku hizi hata simu za Kalekye hapokei. Vyumba vitupu, mapazia yamefifia. Na bado naionea wivu. Kama ingekuwa ya mtu mwingine ningeihurumia.

Sasa, msichana wangu wa mwisho, Ndinda, huyo mliyemkuta nje akifunga miche, ndiye peke yake aliyerithi mikono yangu. Wengine wote wako kwa ofisi. Mwaka huu Kalekye akampigia simu, akamwambia aje kwake, kazi ipo, karatasi atashughulikia yeye.

Nilikataa katakata. Nilimwambia Ndinda ni afadhali agrafti miiba ya Kitui.

"Mama, huo ni wivu," akaniambia.

"Ndiyo, ni wivu. Kwani wivu umepigwa marufuku Mbooni?"

Akaacha kula na mimi. Anapika, anapakua, anaenda kukaa na sahani yake kwa miche. Wiki mbili tatu hivi nyumba ikawa baridi. Nikimtazama pale nje ameinama, vidole vyake vinaenda kwa gome bila kufikiri, nikajua nikimzuia atanichukia, na nikimwachilia, Kalekye atakuwa amechukua dirisha, nafasi, kaburi na sasa mtoto.

Jumapili moja mchana, nimetoka kanisani, nachambua maharagwe, Kalekye akanipigia kwa ile simu ya picha. Uso wake ukajaa kioo chote. Amezeeka vizuri, kama kawaida yake.

"Mama Ndinda," akasema, "msichana anataka kuja, mimi namtaka. Wewe ndiye umebaki. Niambie unataka nimfanyie nini."

Ndinda alikuwa mlangoni, anajifanya anafagia.

Mnajua, sikuwahi kuulizwa hivyo maisha yangu yote. Na nikagundua maneno yako pale pale, yamepangwa, yalikuwa yananingoja. Nikamwambia, "Nataka uende uwanja wa ndege wewe, si dereva. Nataka chumba chenye dirisha. Nataka umlipe kama fundi, usimlipe kama mtoto wa rafiki. Nataka siku ya kwanza umpeleke kwa mti ukate naye. Na mimi nikifa, Kalekye, usingoje akuombe ruhusa. Usivue kofia ukasimama. Mtie kwenye ndege siku hiyo hiyo."

"Nitafanya," akasema. "Yote."

"Basi achukue pasipoti."

Ufagio ukaanguka mlangoni. Nikataka kukata simu kabla sijaanza kulia mbele ya Kalekye, lakini akasema, "Ngoja. Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi nikifa huku, nani atakuja kunichukua?"

Nikaweka ungo chini. Vijana, miaka yote hiyo sikuwahi kuwa na kitu ambacho Kalekye anakitaka. Mtanisamehe, lakini nilikionja kidogo. Sitawadanganya eti huruma ndiyo ilikuja kwanza. Ilikuja, lakini ilikuja ya pili.

"Omba vizuri," nikamwambia.

Akaanza. Ile sauti yake, ile ya mtu anayeuliza saa, ikakwama katikati, akaanza tena, ikakwama tena. Sikumsaidia hata neno moja. Nilimngoja mpaka akamaliza, ndipo nikamwambia nitakuja mimi mwenyewe.